Siku za Jembe kwa Wodi ya Kifua

Kama unakohoa wiki ya tatu sasa, na umeanza kwenda nyuma ya nyumba kutema ili watu wasione rangi ya mate yako, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi nilitema nyuma ya nyumba za walimu pale Kabasa, Bunda, kwa miezi miwili mizima, nikifukia kwa kisigino. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano na mwalimu wa michezo. Chuoni nilikimbia mbio ndefu nikarudi nyumbani na medali, na hata nilipoanza kazi niliendelea kukimbia kila asubuhi kwenye barabara ya Musoma, wapita njia wakinitania kwamba nimeibiwa mbuzi. Nilipoanza kuishiwa pumzi ubaoni nilisema ni vumbi la chaki. Kila mtu alikubali, maana chaki ni jina jepesi kulitamka.

Sitakueleza habari za vijidudu. Hayo daktari atakueleza, na akikueleza msikilize. Mimi nitakueleza yale ambayo mimi sikuelezwa na mtu.

Ilikuwa miaka ile ya shida, sukari kwa kibali, nguo tukifulia majani ya mpapai kwa sababu sabuni ilikuwa haionekani. Mshahara wa mwalimu ulichelewa, na ukija dukani hamna kitu. Tuliishi kwa mashamba. Nilikuwa na ekari moja ya mahindi na muhogo na kipande cha pamba, tukilima mimi na mdogo wangu Penina. Penina aliishi kwangu akijifunza cherehani kwa mama mmoja mjini Bunda. Wazazi wetu walikuwa kijijini, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Siku niliyoanguka mbele ya watoto mstarini asubuhi ndiyo siku chaki ilipokwisha kazi. Mwalimu mkuu aliniombea nafasi kwenye lori la pamba, Penina akanishika kiuno juu ya marobota hadi Musoma.

Benchi la kusubiri pale hospitali lilikuwa refu, limelainika katikati kwa makalio ya watu. Nilikaa hapo asubuhi tatu mfululizo, kila asubuhi na kikopo cha makohozi mkononi nimekifunika kwa leso. Kila aliyekaa karibu yangu alikuwa na kikopo chake na leso yake, na kila mmoja alitazama ukuta. Tulikohoa kwa zamu, kwa adabu. Siku ya tatu muuguzi mmoja mnene mwenye sauti ya kanisani, jina lake Sista Anjela, akaniita ndani, akanishika mkono kabla hajasema lolote. Nikajua. Kifua kikuu. Sindano na vidonge kila siku kwa miezi miwili nikiwa wodini, halafu vidonge peke yake nyumbani hadi mavuno ya pamba yatakapopita.

Baba alipopata habari alisema neno moja tu: "Pumu." Kuanzia hapo kijiji kizima kilijua kwamba Sabina binti Maregesi ana pumu, amepelekwa Musoma kupata hewa ya ziwani. Usimlaumu. Kwetu, nyumba ikishasemwa kuwa ina kifua kikuu, watoto wake wa kike wanakaa nyumbani mpaka wanaota mvi.

Sasa sikia kosa langu, ulicheke kisha usilirudie. Siku ya nne wodini nilikwenda chooni nikakojoa mkojo mwekundu. Nikarudi kitandani nikajifunika shuka. Mama yangu ni mtu wa Majita, wa kijiji cha ziwani kabisa, na kule mtoto asiyewahi kukojoa damu anaonekana wa ajabu. Kichocho tunakijua kuliko tunavyojua mafua. Mama alipokuja na furu, vile visamaki vya ziwani, wa kukausha na ugali wa udaga wa muhogo, nikamnong'oneza. Akavuta kiti.

"Ni kichocho hicho," alisema. "Sisi tulikojoaga hivyo hivyo tukiwa wadogo, hata hatukulala kitandani. Hawa wanakutibu kifua, wanakuamshia kichocho. Utatoka humu na magonjwa mawili."

"Nimuulize Sista?"

"Umuulize nini? Mwalimu mzima uanze kueleza watu mambo ya mkojo?"

Sikuuliza. Na wiki ileile mvua za kwanza zilinyesha. Wodi ilikuwa na veranda inayotazama ziwa, na jioni ile wagonjwa wote tulisimama pale tukinusa udongo. Asubuhi vitanda vitatu vilikuwa vitupu. Mama Doto wa kitanda cha jirani, mama wa Kigera mwenye vichekesho, alikuwa anafunga khanga zake. "Mahindi hayajui kama naumwa," aliniambia. "Nipande, nirudi." Siku mbili baadaye, saa ya kutazama wagonjwa, nami nilijitanda khanga ya mama nikatoka naye kwa mlango mkubwa kama mtu aliyekuja kumwona mwenzake.

Nililima wiki tatu. Mkojo ulikuwa mweupe tangu siku ya tatu, na mama alishukuru Mungu, akasema dawa zake za majani zimekiua kichocho. Wiki ya tatu, nikiwa katikati ya tuta, nilikohoa damu ikajaa viganja vyote viwili. Penina alikuwa tuta la pili. Alitupa jembe, akanifuta uso kwa gauni lake, na yule mtoto mpole ambaye hakuwahi kunipandishia sauti akasema, "Unarudi leo."

"Na shamba?"

"Shamba ni langu kuanzia sasa. Wewe una kazi ya kulala."

Niliingia wodini nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Sista Anjela alinisikiliza mpaka mwisho, habari ya kichocho na yote, kisha akacheka mpaka akakaa kitandani kwangu.

"Mwalimu! Hiyo ni rangi ya dawa! Vile vidonge vyekundu, unafikiri wekundu wake unaendaga wapi? Usingegeuka rangi ndiyo ningekushangaa."

Nilicheka naye, halafu nililia, maana tulianza upya kutoka sindano ya kwanza. Kwa hiyo uliza. Hata kama ni habari ya mkojo, uliza, na kama unaona haya mnong'oneze.

Miezi miwili ile sitaieleza yote. Nilikuwa ngozi na mifupa. Sindano zilinifanya nikalie upande mmoja, kesho upande wa pili, keshokutwa nile nimesimama. Lakini kulikuwa na mambo madogo yaliyonishikilia. Kulikuwa na siku Sista alipata kipande cha sabuni sijui wapi, akakikata kwa uzi vipande kumi na kila mwanamke wodini akaoga. Na kulikuwa na Jumamosi, siku ya Penina. Alikuja kwa lori au kwa baiskeli ya kuazima na sato mmoja mkavu amemfunga kwa gazeti. Jumamosi moja alipokuwa ananichambulia miiba niliona viganja vyake. Vilikuwa vimepasuka na kuota sugu juu ya sugu. Ameacha cherehani, alisema, mpaka palizi ziishe, kwa sababu uzi ulikuwa unamkwamia vidoleni. Nililia kwa ajili ya ile mikono kuliko nilivyowahi kulilia kifua changu.

Sista Anjela ndiye aliyenieleza jambo lililonikaa kichwani. Alikuwa anakunja shuka za kitanda cha Mama Doto, ambacho kilikuwa bado kitupu.

"Kila mwaka mvua ikianza wodi yangu inabakiga na watu wawili watatu. Wamepona? Wapi! Wamekwenda kulima. Mimi naweza kumchoma mtu sindano, Mwalimu. Siwezi kumlimia."

Mama Doto hakurudi. Wakati wa mavuno tulisikia kwamba mahindi yake yalikuwa mazuri sana na kwamba watoto wake ndio walioyavuna.

Mimi nilimaliza. Nilimeza kidonge cha mwisho pamba ikiwa imekwisha kuuzwa, nikanenepa, nikarudi ubaoni. Sindano ziliniachia kumbukumbu moja tu: nikifumba macho nikiwa nimesimama, naanguka. Sista alisema wapo wachache wanaoathirika hivyo. Kanisani nasali macho wazi hadi leo, na mzee wa kanisa amewahi kunionya kuhusu heshima. Kukimbia nako ilibidi nijifunze upya. Nilianza kwa kutembea uwanjani nimekodolea macho mlingoti wa bendera, nikipepesuka kama mlevi, na watoto wangu wa darasa la tano, Mungu awabariki, walitembea pande zote mbili wakijifanya wanacheza. Kufikia masika nilikimbia tena barabarani. Nilikuwa mzito na wa polepole, lakini nilikimbia. Sijawahi kujivunia kitu maishani kama kilomita ile ya kwanza.

Kisha nyakati zikabadilika. Maduka yakajaa tena, mitumba ikamwagika sokoni Bunda, watu wakaanza kuvaa majina ya miji wasiyoijua. Na kamati zikaota kila mahali, maana serikali ilikuwa imesema sasa watu wajitegemee kwa shule zao na zahanati zao. Kamati moja ilitangaza mbio za hisani za siku mbili: siku ya kwanza Bunda hadi Butiama, siku ya pili Butiama hadi Musoma. Kila mkimbiaji achague anakimbilia nini, ajishonee kitambaa kifuani chenye jina la jambo lake, na watu wa vijiji njiani watoe ahadi: huyu gunia, yule bati, mwingine miti ya kujengea. Nilinunua raba za mtumba, moja kubwa kidogo kuliko mwenzake, nikaenda kujiandikisha.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Biseko, karani mstaafu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa na orodha. Bati za kanisa. Madawati. Kisima.

"Chagua, Mwalimu. Wewe ni mtu wa madawati, si ndiyo?"

"Nataka wodi ya kifua kikuu Musoma."

Aliinua macho. "Wanataka nini? Magodoro?"

"Siku za jembe. Kila anayeahidi atoe siku moja au mbili, mvua ikianza, akalime shamba la mgonjwa aliye wodini. Mgonjwa wa kijiji chake au cha jirani. Ili mgonjwa abaki kitandani amalize sindano."

Mzee Biseko alivua miwani. "Mwalimu, tuna mgeni rasmi. Mgeni rasmi anatakaga kitu chenye mlango, akate utepe. Siku ya jembe utaikatia utepe wapi?"

"Ataiona wakati wa mavuno."

"Mavuno!" Aliandika hata hivyo, akiguna. "Na kitambaa utakivaa? Neno lenyewe, kama lilivyo?"

Nikasema nitakivaa. Niliyasema hayo mchana, kabla sijakumbuka Butiama.

Huko ndiko alikokuwa Wambura. Alikuwa fundi baiskeli, kijana mwenye maneno machache, na yeye na Penina walipendana tangu siku aliyomtengenezea mnyororo. Mshenga wao alikuwa amekuja mara mbili, ng'ombe wa kwanza walikuwa tayari zizini kwa baba, na waliobaki walikuwa waletwe baada ya mbio. Nyumba yao iko barabarani kabisa. Ukipita Butiama unapita mlangoni kwao.

Baba alituita nyumbani Jumapili. Alikuwa amekwisha kusikia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mungu ndiye aliyekuponya," alisema. "Kwa nini usiikimbilie nyumba yake? Kanisa linavuja."

"Baba, waliniponya kwa sindano sitini, na kwa mikono ya huyu." Nilimwonyesha Penina, aliyekuwa anapepeta mchele bila kuinua uso.

"Ndiyo hiyo mikono unayotaka kuiharibia. Utapita mlangoni kwa wakwe zake na neno hilo kifuani. Wao wanajua una pumu. Watauliza: pumu imekuwa nini leo? Na nyie wengine mna nini? Wale ng'ombe watarudi kwao wenyewe, hawatahitaji hata kuswagwa."

Baba alikuwa na haki. Penina alikuwa ametupa cherehani kwa ajili yangu, na sasa mimi nitupe ndoa yake kwa ajili ya wagonjwa nisiowajua? Njia nzima ya kurudi Kabasa nilitembea nyuma yake nikitazama visigino vyake. Tulipofika nilikuwa nimekata shauri. Nikamwambia nitakimbilia bati za kanisa, na nikalala nikiwa na amani ya uongo.

Asubuhi nilikuta kitambaa cheupe juu ya meza, kimeshonewa herufi nyekundu alizozikata kwenye sketi ya mtumba. WODI YA KIFUA KIKUU. Na chini yake: SIKU ZA JEMBE. Penina alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Nimepitisha mara mbili," alisema. "Haing'oki."

"Penina. Wambura je?"

"Dada, kama watanikataa, wanikatae sasa ng'ombe wakiwa bado wamenona. Nikishaolewa halafu nikaanza kukohoa, nitawaambiaje? Na mimi nitasema chaki?" Akanipimia kitambaa begani. "Nitakuja na baiskeli. Nitaandika majina."

Siku ya mbio baba hakuja. Tulikuwa wakimbiaji kumi na wanne, na kiangazi kilikuwa kinaishia, mawingu yanapita bila kudondosha. Desturi yetu mnaijua: mgeni haachwi aondoke peke yake, anasindikizwa mpaka mahali. Hakuna aliyeliamuru, lakini tangu vijiji vya kwanza watu waliotoa ahadi walitoka mbio wakamsindikiza mkimbiaji wao hadi mpaka wa boma lao, wakipiga vigelegele. Aliyekimbilia kanisa alikuwa na kwaya nzima. Wa kisima alikuwa na akina mama na ndoo vichwani.

Mimi nilikuwa na Penina na baiskeli. Watu walikuja mbio, wakasoma kifua changu, wakasimama. Mzee mmoja alisoma kwa sauti herufi baada ya herufi, na alipofika mwisho akarudi nyuma hatua mbili. Mama mmoja alimvuta mwanawe ndani kwa shati. Nilikazia macho kilele cha kilima cha mbele ili nisipepesuke, kwa sababu niliapa kwamba hawatasema nilianguka. Ndani ya daftari la Penina kulikuwa na jina moja, nalo lilikuwa lake.

Jua lilikuwa utosini tulipopita boma moja lenye uzio wa katani. Mwanamume akatokea nyuma ya uzio, mbali na barabara, akamwashiria Penina. Waliongea kidogo. Penina akarudi akikanyaga kwa nguvu.

"Anatoa siku tatu. Ila anasema tusitaje ni kwa ajili ya nini."

Nilicheka nikakosa pumzi. Na baada ya huyo wakatoka wengine, hivyohivyo, kwa milango ya nyuma, kwenye mashimo ya uzio, mmoja kutoka chooni kabisa. "Mke wangu alilazwaga pale." "Kaka yetu alitoroka, tukamzika." "Andika siku mbili, andika na za mwanangu." Hakuna aliyenisindikiza barabarani. Lakini daftari lilipata ukurasa, na mimi nilianza kukimbia kichwa juu.

Butiama tulifika jua likiinama. Ukoo wa Wambura ulikuwa umesimama barabarani, wamevaa vizuri, maana walikuja kumshangilia shemeji. Niliona wanavyosoma. Mzee wao aligeuka akaingia ndani. Wambura aliinua mkono, akaushusha. Mama yake, mama mrefu mwembamba aliyefunga kitambaa cha buluu, hakuondoka wala hakusalimu. Alikitazama kifua changu mpaka nikapita. Penina, kama binti aliyechumbiwa anavyopaswa, hakugeuza shingo, lakini baiskeli yake iliyumba.

Tulilala kwenye madarasa ya shule. Penina hakulia. Alisema tu, "Basi," akajifunika.

Asubuhi tulianza mapema. Kijiji kilipokwisha na mashamba kuanza, nilimwona mama mmoja kando ya njia na jembe begani. Nilipomfikia alishuka barabarani akaanza kukimbia kando yangu, bila viatu. Alikuwa Mama Wambura. Nilishtuka kuliko ningekutana na chui. Mama wa mume hakimbiliani njiani na dada wa mchumba kabla ng'ombe hawajaisha, heshima hairuhusu.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Usisimame, Mwalimu, watatuona." Alikimbia hatua kama ishirini, halafu akakohoa. Aliinamisha uso kwenye bega, akafungia kinywa kwa kitambaa, akameza. Nilikijua kikohozi kile. Nilikuwa nimekaa nacho kitanda kimoja.

"Hiyo wodi," alisema alipopata pumzi. "Mtu anaingiaje?"

"Anaingia kwa mlango, mama. Nitakupeleka mimi."

"Kwetu wanajua ni pumu."

Nilisimama katikati ya barabara, mashindano au si mashindano. Nyumba mbili zilikuwa zimekaa miezi yote ile zikifichana ugonjwa uleule kwa jina lilelile. Nilitaka kucheka na nilitaka kumkumbatia, na kwa sababu yote mawili hayaruhusiwi, nilimshika kiwiko.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu palizi. Nilikuwa nasubiri harusi ipite." Alitazama shamba lake, udongo mkavu uliosubiri. "Sasa mvua hii inakuja. Nikilala huko, mtama wangu nani ataupanda? Mzee ana mgongo. Wambura ana wateja."

Nyuma yetu breki zililia. Penina alishuka baiskeli. Hakumtazama mama yule usoni, adabu haikuruhusu, aliliambia daftari.

"Nimeandika. Shamba la Butiama, mimi. Sio siku mbili. Mpaka lipandwe lote."

Mama Wambura alikimbia nami tena, hatua nyingine na nyingine, akikohoa, mpaka mwisho wa shamba lake, barabarani kweupe, mbele ya watu waliokuwa wanaelekea mtoni. Ndiye mtu wa kwanza aliyenisindikiza.

Yaliyobaki ni miguu tu. Niliingia Buhare, pembezoni mwa Musoma, watu wakiwa wamejaa kandokando, raba kubwa imenichubua kidole, na kulikuwa na walionisindikiza sasa, si wengi, lakini kwa barabara. Nilimaliza wa kumi na tatu kati ya kumi na wanne, na yule wa kumi na nne alikuwa amepanda trekta. Mgeni rasmi alikata utepe uliofungwa kwenye picha ya kisima. Alipofika kwangu alikosa cha kukata, akanipa mkono, na Mzee Biseko akawaambia watu, "Huyu mtamwona wakati wa mavuno," kana kwamba maneno yalikuwa yake.

Baba alikuwa nyumbani tulipofika siku iliyofuata. Alikichukua kile kitambaa, akakigeuza upande wa nyuma, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Nani kashona?"

"Penina."

"Herufi zimenyooka," akasema. Mvua ilipoanza, alichukua jembe lake akaenda kulima siku nne kwa mgonjwa mmoja wa Bunda ambaye hata jina lake hakuwa amelisikia. Mwaka ule vitanda vya Sista Anjela vilibaki na watu wake mvua ikinyesha. Aliniandikia barua kunieleza, nami ninayo hadi leo.

Lakini siku ninayotaka uijue ni ile niliyompeleka Mama Wambura. Manyunyu yalikuwa yameanza. Tulikaa benchi lile refu, kikopo chake mkononi, na nikamwona anakifunika kwa leso, halafu anaifunua leso na kuikunja na kuiweka mfukoni. Alipoitwa niliingia naye. Sista Anjela aliandika jina, umri, kijiji. Mshenga alikuwa hajarudi kwetu. Ng'ombe waliobaki walikuwa bado hawajaletwa, na hakuna mtu wa nyumba yoyote kati ya zile mbili aliyejua kama wataletwa.

"Ndugu wa karibu?" Sista aliuliza. "Nimwandike mumeo?"

"Mwandike mkwe wangu," alisema Mama Wambura. "Anaitwa Penina. Ameshindwa kuja, yuko shambani kwangu anapanda."